Mlio Unaokuja na Kuondoka

Kila fundi wa Mwanjelwa au Ipogolo amewahi kuletewa pikapu ambayo dereva wake anaapa kwamba imegonga njia nzima tangu Mafinga, lakini boneti ikifunguliwa injini inanguruma safi kabisa. Hapo fundi mmoja ataanza kufungua chochote kilicho karibu na mkono. Mwingine atamwambia dereva arudi siku kelele itakapokuwa kubwa. Yule wa kwanza anakula pesa za mwenye gari, na wa pili huenda akaila injini yenyewe.

Mlio wa vipindi unahesabiwa kuwa mgumu kuliko mlio wa kudumu. Mimi nashikilia kinyume chake. Mlio wa kudumu unakuambia tu kwamba kuna chuma kinagonga chuma mahali fulani. Unaokuja na kuondoka unakuambia pia kwamba kuna hali inayouwasha na hali inayouzima, na hali zinazobadilika ndani ya injini ni chache: joto, shinikizo la oili, mzigo, mzunguko wa krenki na mwinamo wa gari. Ukijua ipi kati ya hizo ilibadilika dakika ile mlio ulipoanza, watuhumiwa wengi wameshatoka mahakamani kabla hujashika spana.

Kwa hiyo dereva akifika na kusema, "Fundi, inalia tik-tik-tik halafu inaacha," fundi anayejua kazi yake hakimbilii boksi la vifaa. Anauliza: "Inaanza lini, kaka? Asubuhi ikiwa baridi, au baada ya mlima? Ulikuwa na mzigo? Ukiachia mafuta inabaki au inapotea?" Majibu ya maswali hayo manne yana thamani kuliko nusu saa ya kusikiliza gari lililosimama kivulini.

Dereva wa Iringa na Mbeya ana bahati katika jambo hili, kwa sababu safari moja ya kawaida inampitisha katika hali zote. Anatoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto la bondeni, anaupanda Kitonga kwa gia ndogo na mzigo mgongoni, anatokea Ilula kwenye ubaridi, anafika Ipogolo na kupanda tena kama anaingia Iringa mjini. Mafinga na Makambako anakuta ukungu. Halafu anateremka kwenye tambarare ya Usangu, akipita Igawa, Chimala na Igurusi, ndipo apande kuelekea Uyole na Mbeya, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Barabara hii imezipima injini tangu zamani. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1965 na Zambia ikakatiwa njia ya kusini, malori ya mafuta yalipita hapa ikiwa bado ni vumbi na matope, ikapewa jina la njia ya jehanamu. Lami imekuja, milima imebaki palepale.

Kabla ya kuishuku injini, ondoa magurudumu kwenye shauri. Kijiwe cha moramu kilichonasa kwenye kashata za tairi hulia tik-tik kwa mpangilio mzuri hata ukaapa ni tapeti. Namna nzuri ya kutofautisha ni hii: ukiwa kwenye tambarare kati ya Igawa na Chimala, barabara ikiwa wazi, shika mwendo wa kilomita 60 kwa saa kwenye gia ya nne, kisha rudi ya tatu bila kubadili mwendo. Injini sasa inazunguka haraka zaidi lakini magurudumu yanazunguka vilevile. Mlio ukiongeza kasi, ni wa injini au wa kitu kilichofungwa kwayo. Ukibaki na mpigo uleule, shuka ukague tairi. Wapo wanaoweka gia huru mteremkoni ili wasikilize vizuri. Usifanye hivyo kamwe, na Kitonga hasa usifanye. Gari lenye mzigo lililoachwa bila gia linategemea breki peke yake, nazo zikichemka hakuna kinachobaki.

Mlio ukithibitika kuwa wa injini, hesabu mpigo wake. Katika injini zote za pikapu tunazozungumzia hapa krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Hilux yenye injini ya 3L ikiwa silensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, huzunguka kama mara 750 kwa dakika, basi kamshafti yake inazunguka mara 375, yaani zaidi kidogo ya mara sita kwa sekunde. Kitu kinacholia mara sita kwa sekunde kinafuata kamshafti au mwako wa silinda moja: tapeti, nozeli, au ekzosi inayovuja karibu na hedi. Kinacholia mara kumi na mbili kinafuata krenki, na hapo unafikiria puli ya mbele, flaiwili na boliti zake, au koneksheni rodi. Sikio la kawaida hutenganisha vizuri mara sita, ila mara kumi na mbili ni vigumu kuzihesabu. Siku hizi simu inasaidia. Tenboi arekodi sauti mlio unapotokea, kisha ichezwe kwa nusu ya kasi. Nimeona mabishano ya gereji nzima yakimalizika kwa njia hiyo.

Sasa tuje kwenye baridi, maana Nyanda za Juu Kusini baridi ndiyo inayowasumbua watu wengi. Mwezi wa Juni na Julai pikapu iliyolala nje Uyole au Makete huamka na kelele ambazo Dar es Salaam haikuwa nazo. Sababu mojawapo si ugonjwa hata kidogo. Shinikizo la hewa Mbeya ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko la pwani, na hewa ya alfajiri ni ya baridi. Dizeli inayopulizwa ndani ya silinda yenye hewa chache na baridi huchelewa kuwaka. Katika kuchelewa huko inajikusanya, halafu inawaka yote kwa mpigo, na mpigo huo ndio mlio mkavu wa kugonga unaousikia. Injini ikipata joto, mwako unaanza mapema na kelele inatulia. Kama hita plagi moja imekufa, silinda yake itagonga zaidi ya wenzake na moshi mweupe utatoka kwa dakika kadhaa. Pima hita plagi kabla hujafikiria nozeli.

Sababu ya pili ya kelele ya asubuhi ni oili kuchelewa kufika juu. Maduka mengi yanauza oili ya namba 40 pekee, na watu wanaipenda kwa kuwa ni nzito na wanaamini uzito ni ulinzi. Katika joto la pwani inafanya kazi. Alfajiri ya Mbeya inakuwa nzito mno, na kamshafti inazunguka kavu kwa muda wakati pampu inaisukuma kupanda. Oili ya 15W-40 hubaki nyepesi kwenye baridi na inapochemka inashika uzito wa 40, kwa hiyo hupati hasara yoyote mchana. Kama tik-tik ya sekunde chache za kuwasha inapungua baada tu ya kubadili oili, umepata jibu kwa bei ya oili na filta.

Ya tatu ndiyo inayowapotosha mafundi wengi: ekzosi inayovuja pale manifoldi inapokutana na hedi. Mlio wake ni mwepesi, mkavu, unafanana na tapeti kiasi cha kumdanganya mtu mzoefu. Alama yake ni kwamba unakuwepo injini ikiwa baridi na kupotea baada ya dakika tano au kumi. Chuma cha manifoldi hutanuka kikipata moto. Kipande cha nusu mita kikipanda nyuzi 400 kinaongezeka urefu wa milimita mbili hivi, na kutanuka huko kunaziba ufa. Kutanuka hukohuko, kukirudiwa kila siku, ndiko kunakokata stadi za mwisho. Tafuta masizi meusi kwenye ukingo wa gasketi. Au, injini ikiwa bado baridi, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio uone povu linapuliziwa wapi. Fanya haya kabla hujafungua kava la tapeti, kwa kuwa yanachukua dakika kumi na hayaharibu kitu.

Kelele inayokuja mlimani ni habari nyingine, na hii ndiyo ninayotaka dereva aiogope. Chukua pikapu yenye viazi kutoka Matamba, au mbao za Sao Hill, inayopanda taratibu ikiwa imeinua pua. Oili kwenye sampu inakimbilia nyuma kama uji kwenye sufuria iliyoinamishwa. Kama kiwango kiko chini ya alama, au mdomo wa bomba la kunyonyea umezibwa na uchafu, pampu inavuta hewa. Hewa haibebi mzigo wa chuma. Tapeti zinaanza kulia kwanza kwa kuwa ziko mbali zaidi na pampu, na gari likifika tambarare zinanyamaza. Dereva anashukuru Mungu, anaendelea. Kumbe beringi za krenki na za koneksheni rodi zilikuwa kwenye njaa hiyohiyo, ila zenyewe huchelewa kulia. Zikilia, mlio ni mzito, unatoka chini, unaongezeka ukikanyaga mafuta, na hapo injini iko karibu kunoki.

Kwa hiyo mlio wowote unaoanza mlimani hukaguliwa kwa kijiti cha oili kwanza, gari likiwa mahali pa tambarare na limezimwa angalau dakika tano. Taa ya oili kutowaka si ushahidi wa usalama. Swichi nyingi za taa hiyo huwasha pale shinikizo likiwa limeporomoka karibu kabisa, wakati injini iliyo kwenye mzigo inahitaji shinikizo kubwa zaidi ya hapo. Fundi makini anafungua swichi hiyo, anafunga geji ya kupimia mahali pake, na kusoma injini ikiwa ya moto, silensa na kwenye resi. Na mlio mzito wa chini ukisikika njiani, zima gari hapohapo, hata kama umebakiza kilomita mbili kufika Ilula. Kulivuta gari ni ghali, lakini krenki ni ghali zaidi.

Tapeti zenyewe zinahitaji heshima ambayo hazipati. Kwenye injini za 3L na 5L, nafasi kati ya kamshafti na tapeti ya valvu ya kuingiza hewa ni kati ya milimita 0.20 na 0.30, na ya kutolea moshi ni kati ya 0.40 na 0.50, ikipimwa injini ikiwa baridi. Nafasi hiyo imewekwa makusudi, kwa sababu valvu inarefuka ikipata moto. Ikizidi, utasikia tik-tik isiyojali sana mzigo, iliyo kubwa zaidi silensa. Wapo mafundi wanaojivunia kuzinyamazisha tapeti kabisa. Wanabana mpaka injini inakuwa kimya, mwenye gari anafurahi na kulipa. Baada ya miezi, valvu ya moshi isiyopata nafasi ya kukaa kwenye kiti chake inaungua ukingo, kwa kuwa kiti ndicho kinachoipoza. Tapeti inayolia kidogo ni salama kuliko tapeti iliyonyamazishwa kwa nguvu. Injini hizi hutumia visahani vya chuma vya unene tofauti, hazina skrubu ya kuzungusha, hivyo fundi akikuambia amezirekebisha kwa robo saa bila kupima kwa filagegi wala kubadilisha kisahani, muulize alirekebisha nini.

Kutafuta ni silinda ipi inayolia, injini kuukuu zenye pampu ya kawaida zina njia rahisi: legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa silensa, macho yakiwa yamekingwa na kitambaa kikipokea dizeli. Mlio ukififia kwenye silinda ya tatu, basi unatokana na mwako wa silinda ya tatu, au na kitu kinachobebeshwa mzigo na mwako huo. Usiopungua popote una uwezekano mkubwa wa kuwa wa tapeti.

Njia hiyo ni marufuku kwa Hilux za karibuni zenye injini za 1KD, 2KD au 1GD. Dizeli ndani ya mabomba yake inakaa kwenye shinikizo linaloweza kuzidi baa 1,000, na ukilegeza nati inatoka uzi mwembamba unaopenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha linaonekana dogo, lakini ni la kukimbizwa hospitali. Injini hizo zisomwe kwa mashine ya uchunguzi. Na 1KD na 2KD zina tabia yao inayohusu mada hii: sili za shaba chini ya nozeli zikivuja, gesi ya mwako inapita pembeni na kutoa mlio wa kupumua kwa mpigo, hasa asubuhi. Kaboni inayotoka hapo inaingia kwenye oili, inashuka sampuni, inaziba chujio la mdomo wa kunyonyea. Mlio wa baridi wa leo unazaa mlio wa mlimani wa mwakani. Mwenye 1KD anayesikia mlio huo alfajiri abadilishe sili, na sampu ifunguliwe chujio likaguliwe kwa mkono, bila kubahatisha.

Baada ya kazi, gari lisikabidhiwe kwa kusikilizwa gereji. Kama mlio ulikuwa wa alfajiri, lilale nje usiku mmoja na liwashwe saa kumi na mbili asubuhi fundi akiwepo. Kama ulikuwa wa mlimani, lipakiwe uzito uleule lipande mlima uleule, geji ya oili ikiwa imefungwa na mtu wa pili akiisoma. Likipita hapo, ndipo hesabu ya malipo ifungwe.