Jumba la vyumba 98, mwenyewe kafia kwa dereva wake

Nilipokwenda Toronto, Kanada, kumsalimia dada, mumewe aliapa kwamba sitarudi bila kuliona Casa Loma. "Shem, lile jumba ni noma!" Basi Jumapili tukapanda treni ya chini kwa chini, tukateremka Dupont, tukakwea ngazi mpaka pumzi zikakata. Kuinua macho, minara! Kama vile wanamoishi wafalme wa kwenye filamu.

Mwenyewe hakuwa mfalme bali kibopa tu. Sir Henry Pellatt alivuna mapesa kwenye umeme, enzi ambazo taa ya umeme bado ilikuwa maajabu. Mwaka 1911 akaanza kujenga: mafundi 300, karibu miaka mitatu, dola milioni 3.5 za wakati ule. Vyumba 98. Jikoni joko la kumeza ng'ombe mzima. Na simu 59 ndani ya nyumba moja, msomaji wangu! Mtaani kwetu simu ilikuwa moja, ya mwenye duka, na foleni juu.

Lakini mimi nilifuata handaki. Unashuka chini kabisa, huko huko alikotaka liwe bwawa la kuogelea ambalo halikuisha, halafu kuta zinaanza kukubana. Karibu mita 240, juu yako barabara ya magari. Joto la nje linakatika, kibaridi kinakuingia, taa hafifu, na vishindo vya viatu vyako vinakurudia kwa nyuma kana kwamba kuna mtu anakufuata. Nakiri nilimng'ang'ania shemeji mkono wa shati.

"Linakwenda wapi hili?"

"Kwa farasi."

Farasi! Unatokea upande wa pili unakuta mazizi ya mbao za mahogani, vigae vya sakafuni vimepangwa kimshazari ili waheshimiwa wasiteleze, na juu ya kila zizi jina la mwenyewe kwa herufi za dhahabu. Mimi nimelala geto miaka minne, hata jina mlangoni sikuwa nalo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, humo humo mazizini ilitengenezwa kwa siri mitambo ya kunasa nyambizi za Wajerumani, huku wageni wakiendelea kulitembelea jumba bila kujua lolote.

Tukiwa tunarudi handakini ndipo shemeji akanimwagia yaliyobaki. Serikali ya jimbo iliuchukua umeme ukawa mali ya umma. Pellatt akahamia kwenye viwanja, Vita vya Kwanza vikazuka, wanunuzi wakayeyuka. Kodi ya jumba, iliyokuwa dola 600 kwa mwaka, ikapaa hadi dola 1,000 kwa mwezi. Agosti 1923 Home Bank, benki iliyokuwa ikimkopesha, ikafa ikimdai dola milioni 1.7. Watu waliojiwekea vijisenti vyao pale wakaachwa kwenye mataa. Hao ndio walionikaa moyoni kuliko yeye.

Akahama, samani zikapigwa mnada kwa bei ya kutupa. Hakuwa amekaa humo hata miaka kumi. Mwaka 1933 jiji likalitwaa jumba kwa deni la kodi, nusura libomolewe, mpaka klabu ya Kiwanis ilipolifungulia watalii mwaka 1937. Unavyoliona linang'aa leo, jiji lilikarabati kuanzia 1997 hadi 2012, dola milioni 33, na sehemu kubwa ni kwa nje tu.

"Alifia wapi?" nikauliza.

"Kwa dereva wake wa zamani. 1939."

Shemeji akanyamaza mpaka tukatoka juani. Niseme tu kwamba yeye mwenyewe anajenga Mbezi. Ghorofa, vyumba saba, mwaka wa sita sasa na ndiyo kwanza wamefika kwenye lenta. Mchana anapakua mizigo ghalani, usiku analinda, na kila mwisho wa mwezi fundi anapiga simu: saruji imepanda, nondo zimepungua. Watoto wake wawili wanalala sebuleni.

Usiku ule mezani akaniambia bila kunitazama, "Shem, ukifika Dar mwambie fundi aezeke hapo hapo. Ghorofa basi."

Dada hakusema kitu. Akamwongeza wali.