Kupangua si Wepesi wa Vidole

Mpira ukichezwa jioni huku Mkongani, Kwale, kipa akiusukumia mkwaju nje kwa ncha za vidole, watazamaji husema amepangua. Neno hilo ndilo ninalolitumia kuwaeleza vijana mapigano ya gemu za majukwaa, zile ambazo mhusika huonekana kwa ubavu akirukaruka na kupigana. Kukinga ni kulipokea pigo na kulivumilia. Kukwepa ni kulihama. Kupangua ni kuligonga papo hapo linapofika, likapotea njia na adui akabaki wazi.

Wengi hudhani anayepangua vizuri ana vidole vyepesi. Hebu tupige hesabu. Gemu nyingi huchora picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha hukaa takriban milisekunde 17. Mtu akiona ishara, huchukua kama milisekunde 200 hadi 250 kabla ya kubonyeza, na picha 12 hadi 15 zimeshapita. Ikiwa nafasi ya kupangua ni picha 6, anayesubiri kuliona pigo lenyewe amechelewa. Kinachowahiwa ni matayarisho yake: bega linalorudi nyuma, upanga unaoinuliwa, sauti inayotangulia.

Kwa hiyo haki ya pambano imo mikononi mwa mbunifu. Katika Prince of Persia: The Lost Crown ya 2024, adui aking'aa manjano, pangua, aking'aa nyekundu, hama, maana pigo hilo halipanguliki. Mwaka huo huo Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na studio yake ya Surgent walitoa Tales of Kenzera: ZAU, ambayo sauti zake zinapatikana kwa Kiswahili. Humo kinyago cha jua ni cha mapigano ya karibu, cha mwezi ni cha kupiga kwa mbali. Mtindo ni tofauti, lakini sharti halibadiliki: onyo litangulie adhabu.

Kijana wa Kwale anayejifunza kuunda gemu aijaribu kazi yake kwenye simu ya bei nafuu, kwa sababu skrini inayochelewa humlia mchezaji picha kadhaa. Arefushe onyo kabla ya kupanua nafasi.

Pwani yetu inalijua somo hili kupitia kirumbizi, mchezo wa fimbo unaokwenda na ngoma. Fimbo ikishaonekana hewani, muda umekwisha. Tazama bega.