Pikipiki Mbili Zilizotumika: Ipi Iingie Nyumbani?

Katika mtaa wa Musinzira, mjini Gitega, pikipiki si chombo cha starehe. Zile pikipiki kubwa za mwendo wa kasi na safari ndefu, zenye silinda nne na kioo cha kukinga upepo, ambazo hugombaniwa na vijana wa Ulaya na Japani, hapa hutazamwa katika picha tu. Hata mtu angepewa moja bure, petroli na matairi yake yangemfilisi kabla ya mwaka kwisha. Safari ndefu ya hapa hufanywa kwa pikipiki ndogo, tena aghalabu iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Na achukuliwe mfano wa koplo mwenye mke na watoto Musinzira, ambaye kazi imempeleka Muyinga. Kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, kutoka Gitega hadi Muyinga ni kama kilomita 80. Lakini barabara ipitayo Karuzi hupanda na kushuka vilima, na urefu wake ni zaidi ya hapo. Koplo huyo ameweka akiba kwa miaka miwili. Fedha hizo zingeweza kuezeka nyumba upya au kulipa karo za watoto, na zikitumika vibaya hazitarudi. Mbele yake ziko pikipiki mbili ambazo bei zake zinakaribiana. Moja ni Yamaha AG 100, iliyouzwa na mradi wa kilimo uliokwisha kazi yake. Ya pili ni Honda XL 125, mali ya mfanyabiashara ambaye sasa amenunua gari. Vijana wa mtaani wamekwisha kumshauri achukue Honda, kwa kuwa imeinuka, ina gurudumu kubwa la mbele, na inapendeza ikipita. Ushauri wenyewe huenda ukawa wa kweli. Sababu waliyoitoa haina maana yoyote.

Wapo watakaouliza kwa nini asinunue pikipiki mpya ya kutoka India, TVS au Bajaj, kama zile zinazobeba abiria. Ni swali la haki, na mwenye fedha za kutosha alifikirie. Hapa yanazungumzwa mambo ya yule ambaye fedha zake zinafikia hizi mbili tu.

Tofauti kubwa ya pikipiki hizi haionekani kwa macho, kwa sababu imo ndani ya injini. Yamaha AG 100 ina injini ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi huiita tustroki. Mafuta huwaka ndani ya silinda kila mara mhimili wa injini unapozunguka mzunguko mmoja. Honda XL 125 ina injini ya mipigo minne, na mafuta yake huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Mtu angedhani basi kwamba ya kwanza ni bora, kwa kuwa inafanya kazi mara mbili pale mwenzake anapofanya mara moja. Ni kweli kwamba injini ya mipigo miwili ni nyepesi, ina vyuma vichache vinavyocheza, na nguvu yake ni kubwa kuliko umbo lake. Lakini haina valvu za kufunga na kufungua njia. Mafuta mapya yanapoingia, mlango wa kutolea moshi nao bado u wazi, na sehemu ya petroli hupita moja kwa moja hadi katika ekzosi bila ya kuwaka. Mwenye pikipiki amelipia petroli hiyo, nayo imekwenda na upepo.

Katika nchi yenye petroli tele jambo hilo lingekuwa dogo. Burundi imekumbwa na uhaba wa mafuta mara kwa mara tangu mwaka 2021, na kila aliyewahi kulala kwenye foleni ya kituo cha petroli anajua thamani ya lita moja. Ikiwa pikipiki moja yaenda kilomita 30 kwa lita na nyingine kilomita 40, basi safari ya kilomita 200, ya kwenda Muyinga na kurudi, huitaka ya kwanza karibu lita 7 na ya pili lita 5. Tena hizo lita 7 hazitoshi peke yake. Injini ya mipigo miwili haina oili inayokaa chini ya injini na kuzunguka humo. Oili yake huingia pamoja na petroli, hulainisha, kisha huungua. Kwa hiyo mwenye Yamaha hununua vitu viwili kila safari, na oili hiyo lazima iwe ile iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili, si oili yoyote iliyobaki kwenye kopo la gereji.

Lipo jambo la mteremko, ambalo wauzaji hawalitaji na wanunuzi wengi hawalijui. Gitega iko katika mwinuko wa mita zipatazo 1,500. Anayekwenda Bujumbura, kwa mfano anayempeleka mgonjwa wake Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge, hupanda kwanza hadi Bugarama, penye mita zaidi ya 2,000, kisha huteremka hadi mita zipatazo 800 kwa mwendo wa kilomita 35 hivi. Ndiyo njia ile ambayo wenye baiskeli hupanda wameshikilia malori na kuteremka na mikungu ya ndizi kwa kasi ya kutisha. Katika mteremko kama huo, injini ya mipigo minne husaidia breki: dereva akiachia akseleta na kuingiza gia ndogo, injini huizuia pikipiki. Injini ya mipigo miwili huizuia kidogo sana. Basi breki ndizo zinazobeba kazi yote, na breki za ngoma, ambazo pikipiki zote mbili zinazo, zikipata moto hupungukiwa na nguvu. La hatari zaidi ni oili. Yamaha ina pampu ndogo inayopeleka oili kwa kufuata mwendo wa injini na akseleta. Akseleta ikiwa imefungwa huku magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi, oili inayofika ni kidogo, na pistoni yaweza kunata ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma hufunga ghafula kana kwamba limekanyagiwa breki. Dereva mzoefu wa pikipiki za namna hii hufungua akseleta kidogo kila baada ya muda anapoteremka, na vidole vyake havitoki kwenye klachi. Asiyejua hufundishwa na barabara.

Hata hivyo Yamaha isidharauliwe. Herufi AG zatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kilimo. Pikipiki hii ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand, na kila kitu chake kinaonyesha kwamba aliyeibuni alimfikiria mtu wa shamba. Ina vichukuzi viwili, mbele na nyuma. Ina vyuma vya kuiegemeza pande zote mbili, ili mtu aweze kuisimamisha mlimani kwa upande wowote. Ina kifungio cha klachi, ili mfugaji ashuke kufungua lango la zizi bila ya kuizima injini. Na mnyororo wake umefunikwa wote ndani ya bati, usipate vumbi wala tope.

Juu ya mnyororo huo mke wa koplo anayo haki ya kusema neno kabla ya mumewe. Yeye ndiye atakayekaa nyuma, upande upande pengine, amevaa kitenge na kumbeba mtoto mgongoni. Mnyororo wa Honda u wazi. Ncha ya kitenge ikiingia kati ya mnyororo na gurudumu la meno, au ikishikwa na njiti za gurudumu, nguo haichaniki tu, humvuta aliyeivaa. Katika nyumba nyingi mume huenda peke yake kukagua pikipiki, na mke huiona ikiwa imekwisha kulipiwa. Ni desturi mbaya. Afadhali aende naye, apande nyuma, aone miguu yake inafika wapi na nguo yake inaangukia wapi.

Honda nayo ina madai yake. Oili iliyomo ndani ya injini ni kama lita moja tu, na hiyo moja hufanya kazi yote ya kulainisha na kusaidia kupoza. Mwenye kuisahau kwa miezi huiua injini taratibu bila ya kusikia kelele yoyote, mpaka siku ambayo kelele inasikika na fedha za kuitengeneza hazipo. Valvu zake zinataka kupimwa na fundi mwenye vipimo, si fundi wa kukisia. Mnyororo wake unataka kusafishwa na kupakwa oili, hasa baada ya masika.

Kwa koplo huyu, ambaye safari yake kubwa ni Muyinga na mara chache Bujumbura, Honda ndiyo inayofaa zaidi. Kasoro yake kubwa, mnyororo ulio wazi, yaweza kuponywa hapo hapo Gitega: fundi wa kuchomelea vyuma hutengeneza kinga ya bati upande wa mnyororo, pamoja na kikanyagio kipana cha abiria, kwa fedha kidogo. Kiu ya Yamaha haiponywi na fundi yeyote. Lakini kama angekuwa afisa ugani, au polisi ambaye kituo chake kiko kilomita chache kutoka nyumbani kwa njia ya udongo, na mke wake hupeleka maharage sokoni kila juma, hukumu ingegeuka, na AG 100 ingekuwa mali ya thamani kwake.

Hayo yote ni kweli ikiwa pikipiki mbili hizo ni nzima sawasawa. Ikiwa Honda ni mgonjwa na Yamaha ni mzima, na anunue Yamaha bila ya kutazama nyuma. Na uzima hujulikana asubuhi, injini ikiwa baridi. Mnunuzi afike bila ya kutoa taarifa ya saa, na kabla ya salamu kwisha aweke kiganja karibu na silinda. Ikiwa ina joto, muuzaji amekwisha kuiwasha, na yafaa kujiuliza kwa nini. Kisha asukume kiki kwa mkono polepole. Injini yenye nguvu hukataa, mkono ukahisi kizuizi. Injini iliyochoka huteremka kama mlango usio na komeo. Ikiwaka, atazame moshi. Yamaha kutoa moshi mwanzoni si kitu. Honda ikitoa moshi wa rangi ya buluu nao usikome hata baada ya dakika kadhaa, inaunguza oili, na ringi au valvu zimekwisha.

Kwa Yamaha lipo jambo moja la kuangaliwa kuliko yote. Pampu ya oili inapoharibika, baadhi ya watu huiziba na kuanza kuchanganya oili ndani ya tangi la petroli kwa kukadiria. Mnunuzi afungue kifuniko cha tangi la oili. Likiwa kavu au lina utando wa buibui, aulize oili huchanganywa na nani na kwa kipimo gani. Jibu la kusitasita ni jibu la kutosha.

Mengine ni ya haraka. Avute mnyororo nyuma ya gurudumu la meno. Ukiachana na meno hata mwanga ukapita, vyote viwili ni vya kubadilishwa. Abane breki ya mbele na kukandamiza usukani, atazame kama mafuta yanavuja kwenye shokamzoba. Ainue gurudumu la mbele na kugeuza usukani polepole kulia na kushoto: ukigota katikati, beringi za shingo zimekufa, au pikipiki iliwahi kugonga. Kilomita zilizoandikwa kwenye saa asizitegemee, maana saa hubadilishwa. Vikanyagio vya mpira vilivyolika husema kweli zaidi.

Karatasi nazo zina mtego, hasa kwa pikipiki ya mradi. Vyombo vya miradi mara nyingi huingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru, na msamaha huo humfuata mradi, haumfuati mnunuzi. Asiyeuliza hujikuta ana pikipiki aliyoilipia lakini haiwezi kuandikwa kwa jina lake mpaka ushuru ulipwe. Namba ya injini na ya fremu zisomwe kwenye chuma chenyewe, kwa kukipangusa tope, zilinganishwe moja moja na kadi ya pinki. Namba iliyokwanguliwa, hata moja, yatosha kuvunja mazungumzo. Bei ikikubaliwa, koplo na muuzaji wafuatane siku ile ile hadi ofisi ya mapato, OBR, kubadilisha jina, na bima ikatwe kabla ya safari ya kwanza. Katika hesabu ya ununuzi ziwekwe kofia mbili za chuma, si moja. Mke akishaijaribu yake na kuona inamkaa sawasawa, ndipo fedha zihesabiwe.