“Haumi huyo!” Mbwa asiyefungwa na sisi tunaokimbia alfajiri

Kila anayefanya mazoezi ya kukimbia hapa Mombasa amewahi kuambiwa maneno haya mawili: “Haumi huyo!” Anayeyasema huwa ni mwenye mbwa, yuko hatua hamsini nyuma, simu sikioni, na ile kamba imening’inia shingoni mwake mwenyewe badala ya shingoni mwa mbwa. Mimi niliambiwa hivyo Jumamosi moja ufuoni Nyali, na kabla sauti haijanifikia vizuri mbwa alikuwa ameshanishika shavu la mguu.

Nimevuka miaka arubaini. Daktari alinipa hiari ya kupunguza uzito au kuzoea vidonge vya presha, nikachagua raba. Siku za kazi, nikishasali Alfajiri, naanzia Kizingo, napita chini ya mibuyu ya Mama Ngina mpaka karibu na kivuko cha Likoni, kisha narudi. Jumamosi naenda ufuoni maji yakiwa yamekupwa, maana mchanga ulioachwa na maji ni mgumu na hauchoshi miguu.

Siku hiyo nilifanya makosa yote ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa sekunde tano. Nilipiga ukelele, nikarusha mikono juu, nikampa mbwa mgongo na kuongeza mbio. Mwenyewe, mzee wa heshima zake, alinifikia akitweta. “Pole sana mwanangu, huyu hajawahi kuuma mtu.” Nikamjibu, “Mzee wangu, leo ameuma.” Nilipomuuliza kama mbwa amechanjwa alifikiri kidogo, akasema, “Nadhani, mwaka juzi.” Cheti hakuwa nacho. Hiyo “nadhani” yake ndiyo iliyonipeleka hospitali.

Tuanze na mbwa mwenyewe, kwa sababu wengi wetu Waislamu wa Pwani hatukulelewa na mbwa nyumbani na hatumjui. Mbwa ameumbwa kufukuza. Kitu kinachomkimbia humwamsha hata kama ameshiba na hana ubaya na mtu. Wengi wanaotufukuza wanacheza au wanataka kutunusa, na sisi kwa kukimbia tunaugeuza mchezo kuwa mawindo. Hakuna mwanadamu atakayemshinda mbwa mbio, awe amepunguza kilo ngapi.

Halafu kuna jambo la saa. Mbwa wa ulinzi hufungwa mchana, usiku hufunguliwa. Saa kumi na moja na nusu tunapotoka msikitini, zamu yao haijaisha. Soja anafungua lango kupisha gari, mbwa anachomoka, na kwa hesabu yake kipande cha barabara kilicho mbele ya lango ni sehemu ya boma. Wewe unapita mbio, anabweka, unaendelea na safari yako. Unajua ulikuwa unapita tu, lakini mbwa anajua kwamba amekufukuza na ameshinda. Kesho yake atakungoja, na atakuja na ujasiri zaidi. Ndiyo maana mbwa wa lango fulani huzidi ukali kila wiki kwa mkimbiaji yuleyule.

Dawa yake ni nyepesi kuisema na ngumu kuitenda: punguza mwendo. Ukimwona kwa mbali, acha kukimbia, tembea, ukimpa nafasi ya kutosha upande wa pili wa njia. Akikujia, simama. Mgeuzie ubavu, si mgongo wala kifua. Usimkodolee macho, kwani kwake hiyo ni shari. Mtazame kwa pembe ya jicho. Mikono ishushe. Mwambie kwa sauti nzito na fupi, “Rudi!” au “Nyumbani!” Mbwa wengi hufika hatua mbili tatu kutoka kwako, wakanusa hewa, wakachoka na wewe. Kisha ondoka kinyumenyume au kwa upande, polepole, na usianze tena kukimbia mpaka ameacha kukuangalia. Najua dakika hiyo moja ya kusimama ni ndefu kuliko kilomita kumi.

Ukiwa na chupa ya maji, mkoba au koti, kitu hicho kiwe kati yako na mdomo wake. Heri ang’ate chupa. Mwenye baiskeli ashuke aiweke baiskeli katikati. Na ukiangushwa, jikunje kama mtoto tumboni, ngumi nyuma ya shingo na mikono ikifunika masikio, na unyamaze. Unyamaze kweli.

Umbo la mwili wake litakupa habari. Watu husema mbwa anayetikisa mkia ni rafiki, lakini mkia ulionyooka juu, unaotikisika kidogo kidogo huku mwili mzima umekakamaa, hauna urafiki wowote. Mwenye urafiki huwa amelegea mpaka kiuno. Anayebweka sana akirudi nyuma mara nyingi anaogopa. Mimi humhofia zaidi yule anayekuja kimya kichwa kikiwa chini.

Mbwa koko wa mtaani, wale wanaozurura majaani na karibu na soko, wana elimu yao. Wanajua mkono unaoinama. Ukiinama kama unayeokota jiwe, wengi hurudi nyuma hata kama hapana jiwe. Ishara hiyo inatosha. Kulirusha jiwe ni habari nyingine. Mbwa aliyepigwa leo ndiye atakayemwotea mtoto wa madrasa kesho, na mtoto huyo ndiye hasa ninayemhofia. Shirika la Afya Duniani linasema takriban watu 4 kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Watoto wetu ndio wanaowarushia mbwa mawe, na ndio wanaokimbia. Wafundisheni kusimama kama mti.

Kwa kina dada wanaotembea alfajiri kwa ajili ya afya, na Alhamdulillahi siku hizi ni wengi, buibui linalopepea na upepo wa bahari huwasisimua baadhi ya mbwa. Likusanye mkononi unapompita. Na sote tuache sikio moja bila spika. Wallahi nusu ya watu niliowaona wakishtuliwa na mbwa walikuwa hawasikii kitu isipokuwa muziki au mawaidha.

Sasa jeraha, na hapa naomba tusichoke kusoma.

Kichaa cha mbwa husababishwa na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa kuumwa, au kwa kulambwa penye mkwaruzo, kisha husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka, na jeraha la usoni au shingoni lina safari fupi kuliko la mguuni. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla hazijaanza, ugonjwa huu unazuilika vizuri sana. Nafasi yote ya kumwokoa mtu imo katika zile siku ambazo anajiona mzima, na ndizo siku tunazozipoteza kwa kusema “ni mkwaruzo tu”.

Kitu cha kwanza ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa. Sabuni hukiua kirusi kabla hakijaingia ndani. Mimi niliomba maji kwenye mgahawa wa ufuoni, na kijana wa pale akanimiminia kwa jagi kwa subira kubwa, Mungu amlipe. Mtu mmoja alikuja na ushauri wa kusugua pilipili, mwingine mafuta ya taa. Vyote hivyo huchubua nyama na kukifungulia kirusi mlango.

Hapo likaja swali ambalo wasomaji wangu wengi watakuwa nalo. Sisi wa madhehebu ya Shafi tumefundishwa madrasa kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, na palipoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Je, kidonda nacho kitiwe udongo? Udongo ndani ya jeraha unaweza kuleta pepopunda. Nilimuuliza imamu wetu, akanijibu bila kusita kwamba uhai hutangulia: kidonda kifuate amri ya daktari, nguo ndiyo ishughulikiwe kwa utaratibu wake, na tena wapo wanazuoni waliokubali sabuni isimame mahali pa udongo. Alinikumbusha pia jambo dogo ambalo wengi tumelisahau. Mbwa mkavu akikugusa nguo kavu hapana najisi. Wangapi wetu wameruka na kukimbia, wakafukuzwa, kwa kuogopa kuharibikiwa na udhu na manyoya tu?

Kisha hospitali, siku ileile. Kituo cha kwanza nilichofika kiliniambia chanjo imekwisha na nirudi Jumatatu. Sikurudi. Nilipanda tuktuk nikaenda kwingine, kwa gharama iliyoniuma kuliko mbwa. Ukielezwa hivyo, uliza palipo na chanjo na uende huko huko. Ratiba niliyopewa ilikuwa sindano siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, siku ya 0 ikiwa ni ile ya sindano ya kwanza. Zipo ratiba nyingine fupi. Fuata ya daktari wako na usiruke hata moja. Kwa kuwa ngozi ilichanika, nilidungwa pia dawa ya kinga ya moja kwa moja kuzunguka jeraha lenyewe, pamoja na ya pepopunda. Sindano ni za mkononi. Zile hadithi za sindano nyingi za tumboni ni za enzi za wazee wetu.

Mbwa naye huangaliwa kwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kirusi matemate mwake siku alipouma. Kwa hiyo usimuue, na usikubali auawe na vijana wenye hasira. Akifa, umepoteza shahidi. Chukua jina na namba ya mwenyewe, na uiarifu ofisi ya mifugo. Lakini usingoje siku hizo ziishe ndipo uanze sindano.

Kuhusu wenye mbwa, sitaki kuwa mkali kupita kiasi, kwa sababu yule mzee alinilipia nusu ya gharama bila kuombwa. Ila ufuo ni wa umma. Anayemjua mbwa wake kuwa mpole anamjua akiwa sebuleni. Hajui atafanya nini akimwona mtu wa kilo 90 anakuja mbio huku anahema. Kamba ya mita mbili inatosha. Na serikali yetu ya kaunti haiwezi kusema jambo hili si lake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na kutoa leseni za mbwa kumetajwa humo kwa jina. Ningependa kuulizwa swali hili kwa mwakilishi wa wadi: mara ya mwisho chanjo ya mbwa ya bure ilipita lini katika mtaa wako?

Nauliza kwa sababu dawa tuliyoizoea ni nyama ya sumu. Mbwa wanaokota, wanakufa kando ya barabara, na baada ya miezi michache wengine wamekuja kuchukua jaa lilelile, hawajachanjwa hata mmoja. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa, angalau asilimia 70 yao, kila mwaka. Mbwa aliyechanjwa anayebaki mtaani ni ukuta kati yetu na ugonjwa. Tena umma unaosimuliana kisa cha yule mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu, akasamehewa, haufai kuwa mwepesi wa kutega sumu.

Siku ya kumi nilimpigia mzee simu. Mbwa alikuwa mzima, anakula, na alishapelekwa kuchanjwa. Safari hii cheti kipo, alinitumia picha yake. Daktari aliniambia nimalize sindano zangu hata hivyo, nikamaliza.

Jumamosi iliyopita nilikutana nao tena mahali palepale. Mzee aliniona kwa mbali, akainama akafunga kamba. Nami nikaacha kukimbia, nikatembea upande wa majini nikiwa nimempa mbwa ubavu, moyo ukidunda kuliko mlimani. Alinitazama, akapiga mwayo, akalala mchangani. Nilipofika kwenye ngalawa zilizopandishwa pwani nikageuka kuhakikisha, ndipo nikaanza mbio tena.