Kutoka Marufuku hadi Masharti: Kuku wa Uani na Sheria za Serikali za Mitaa

Ufugaji wa kuku wa uani, yaani ufugaji wa kuku wachache katika eneo la nyumba ya kuishi kwa ajili ya mayai, nyama, mbolea na fedha ndogo za dharura, ni shughuli ya kale katika Afrika Mashariki, lakini ni miongoni mwa shughuli zinazoanza kutiliwa shaka mara tu kijiji kinapoanza kuitwa mji. Kuku wenyewe hubaki walivyokuwa; kinachobadilika ni sheria ndogo, yaani kanuni ambazo halmashauri ya mji au wilaya hutunga kwa mamlaka iliyopewa na sheria kuu ya nchi, na ambazo hugusa maisha ya kila siku kuliko sheria nyingi za bunge. Kwa wananchi wa sekta ya Nyakabuye, katika Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, swali la jinsi kanuni hizo zinavyotungwa na zinavyoweza kubadilishwa lina uzito wa pekee, kwa sababu sekta hiyo bado ina nafasi ya kupanga mambo yake kabla haijarithi makatazo ya miji iliyotangulia.

Nyakabuye ni mojawapo ya sekta 18 za Rusizi, katika pembe ya kusini-magharibi iliyojulikana zamani kama Cyangugu, na iko jirani na tambarare ya Bugarama, eneo la joto na mashamba ya mpunga ambako mipaka ya Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakutana. Ni sekta ya wakulima, ambako kuku ni mfugo wa mtu asiye na ng'ombe. Hata hivyo Rusizi imo katika orodha ya miji sita ambayo serikali ya Rwanda imeichagua kukua pamoja na Kigali, mingine ikiwa Huye, Muhanga, Musanze, Nyagatare na Rubavu, na kukua kwa mji huleta mipango ya matumizi ya ardhi, viwanja vidogo, majirani walio karibu zaidi na, mwishowe, malalamiko kuhusu jogoo anayewika alfajiri.

Chimbuko la makatazo ya mifugo mijini katika kanda hii ni sheria za afya ya jamii za wakati wa ukoloni, ambazo ziliuona mji kama mahali pa ofisi, biashara na makazi safi, na zikauona ukulima na ufugaji kama mambo ya shamba. Baada ya uhuru halmashauri nyingi zilibaki na kanuni hizo, ingawa wakazi waliendelea kulima na kufuga kwa kificho au kwa kuvumiliwa. Nchini Tanzania, kanuni za mipango miji za mwaka 1992 zilichukua njia ya kati, kwani badala ya kufukuza kilimo mjini ziliweka ukomo wa eneo la ekari tatu na ng'ombe wanne wanaofugwa bandani. Hatua hiyo ilionyesha kwamba sheria inaweza kuweka kipimo pale ambapo ile ya kwanza iliweka katazo.

Mfano wa karibu zaidi wa sheria iliyobadilishwa kwa makusudi ni wa Kampala. Katika miaka ya 1990 mtafiti Daniel Maxwell alionyesha kwamba takriban theluthi moja ya kaya za jiji hilo zilijihusisha na kilimo au ufugaji, na utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ukaonyesha kwamba watoto wa kaya hizo walikuwa na urefu unaolingana zaidi na umri wao, jambo ambalo ni dalili ya lishe bora. Wakati huohuo Sheria ya Serikali za Mitaa ya Uganda ya mwaka 1997 ilikuwa imezipa halmashauri uwezo wa kutunga kanuni zake. Wanasiasa wa jiji, maofisa wa kilimo na mifugo, watafiti na wafugaji wenyewe walianza mazungumzo yaliyochukua miaka kadhaa, na mwaka 2005 Halmashauri ya Jiji la Kampala ikapitisha mkusanyiko wa kanuni kuhusu kilimo cha mjini, mifugo, maziwa, nyama na samaki. Kilichokuwa kosa kikawa shughuli halali yenye kibali.

Njia ya Nairobi ilikuwa tofauti kidogo. Tangu mwaka 2004 jukwaa la wakulima na wafugaji wa jiji hilo na viunga vyake, lijulikanalo kwa kifupi kama NEFSALF, liliwakutanisha watu wa serikali, wa biashara na wa mitaa, likawapa mafunzo na likaifanya sauti yao isikike kama sauti moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliongeza nguvu mpya, kwa sababu ilitambua haki ya kila mtu kutokuwa na njaa na ikakabidhi kaunti kazi ya kilimo na ufugaji. Mwaka 2015 Bunge la Kaunti ya Nairobi lilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Katika majiji yote mawili, hoja ya wafugaji ilipata nguvu pale ilipokutana na mamlaka mpya iliyokuwa mikononi mwa serikali iliyo karibu na wananchi.

Nje ya bara hili safari imekuwa ya namna hiyohiyo. Katika jiji la Madison nchini Marekani, wakazi waliokuwa wakifuga kuku kinyume cha kanuni walijipanga na kushawishi baraza la jiji, ambalo mwaka 2004 liliruhusu hadi kuku wanne kwa kaya, bila jogoo, bila kuchinja hapo nyumbani, na kwa umbali wa futi 25, yaani takriban mita saba na nusu, kutoka nyumba ya jirani. Sharti la kutokuwa na jogoo halimnyimi mfugaji mayai, kwa kuwa mtetea hutaga hata bila jogoo. Kinachokosekana ni mayai ya kuangulia vifaranga.

Wanaopinga kuku wa uani wana hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni magonjwa. Mdondo, ambao ni ugonjwa wa virusi usio na tiba na unaoitwa pia kideri, unaweza kuua karibu kundi zima lisilochanjwa, na unasambaa kwa urahisi kuku wanapozurura kutoka ua mmoja hadi mwingine. Mafua ya ndege ni hatari nyingine, na Januari 2017, yalipogunduliwa Uganda kandokando ya Ziwa Victoria, Rwanda ilizuia kuku na mazao yake kutoka nchi hiyo. Kwa eneo linalopakana na nchi mbili kama Bugarama, ugonjwa wa jirani si habari ya mbali. Hoja ya pili ni usafi, kwa sababu kinyesi kibichi hutoa gesi yenye harufu kali, huvuta nzi na kinaweza kuchafua maji. Hoja ya tatu ni kelele na uharibifu wa bustani.

Hata hivyo kila mojawapo ya hoja hizo ina jibu linaloweza kuandikwa kama sharti. Chanjo ya mdondo aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa hiyo inafaa kwa maeneo ya joto yenye majokofu machache. Harufu hutokana hasa na matandiko yaliyolowa, na Bugarama, penye vinu vya mpunga, pana pumba zinazoweza kutandazwa bandani, kubadilishwa mara kwa mara na kuozeshwa pamoja na kinyesi hadi kuwa mbolea yenye naitrojeni nyingi. Kelele hupunguzwa kwa kuweka ukomo wa majogoo, na uharibifu wa bustani kwa kutaka kuku wafungiwe. Sheria inayokataza kuku wote kwa sababu ya banda moja chafu humwadhibu mfugaji msafi pamoja na mchafu, na humnyima afisa wa afya chombo cha kuwatofautisha.

Rwanda ina mgogoro wake mahususi ambao unaonyesha umuhimu wa kusikiliza kabla ya kukataza. Kwa miaka mingi viongozi wa ngazi za chini wamekuwa wakipinga desturi ya kulala nyumba moja na mifugo, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa kurarana n'amatungo, kwa sababu huleta uchafu na magonjwa. Msimamo huo ni sahihi kiafya, lakini wafugaji maskini hujibu kwamba kuku aliyelala nje huibwa kabla ya asubuhi. Kanuni inayosema tu kwamba kuku wasilale ndani haijamaliza kazi yake. Kanuni iliyo kamili ingesema pia banda lijengwe vipi, lifungwe kwa kitu gani, na ulinzi wa usiku wa kijiji uhusishwe namna gani.

Mlango wa kupitisha mapendekezo ya aina hiyo upo. Ngazi za utawala wa Rwanda hushuka kutoka wilaya hadi sekta, seli na kijiji, yaani akarere, umurenge, akagari na umudugudu, na baraza la wilaya, Inama Njyanama, ndicho chombo chenye uwezo wa kuweka maagizo ya wilaya, mradi yasipingane na sheria za nchi, ikiwemo Sheria Na. 54/2008 kuhusu kuzuia na kupambana na magonjwa ya kuambukiza ya mifugo. Chini kabisa kuna Inteko y'Abaturage, mkutano wa wananchi ambamo matatizo ya kijiji husemwa hadharani, na mazungumzo ya baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Pendekezo linaloanzia hapo, likaungwa mkono na daktari wa mifugo wa sekta, likaandikwa kwa ufupi na kufikishwa kwa wajumbe wa baraza, lina uzito kuliko lalamiko la mtu mmoja aliyetozwa faini.

Umuhimu wa jambo hili hauishii kwenye haki ya mwenye ua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2019–2020 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya utapiamlo wa muda mrefu. Yai moja lina takriban gramu sita za protini iliyo bora, na halihitaji soko wala jokofu likitagwa hatua chache kutoka jikoni. Kuku wa kienyeji hutaga mayai machache, mara nyingi kati ya 40 na 60 kwa mwaka, lakini watetea wanne au watano wanaotunzwa vizuri wanaweza kumpatia mtoto mmoja mayai kadhaa kila wiki.

Kipimo cha mwisho cha sheria yoyote ya kuku, basi, ni kama mjane mwenye kuku watatu anaweza kuitii. Kibali kinachogharimu zaidi ya kuku mwenyewe, banda linalotakiwa kujengwa kwa saruji, au chanjo inayopatikana mjini tu, ni marufuku iliyobadilishwa jina. Nyakabuye ikiandika masharti yake mapema, kwa kuanzia na chanjo ya pamoja ya kijiji, banda la miti lenye kufuli na umbali wa hatua chache kutoka kwa jirani, mji utakapofika utamkuta mjane huyo na kuku wake ndani ya sheria.