Mayai ya Kambare Yasiyoanguliwa

Sisi watu wa Pwani hatumheshimu sana kambare. Tuliozoea changu, tasi na nguru humwita samaki wa tope, na zipo nyumba zinazomwepuka kwa kuwa hana magamba, ingawa katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, samaki ni halali awe na magamba asiwe nayo. Lakini wasomaji wetu wenye jamaa zao Busia na Malaba, huko ambako malori yatokayo bandari ya Mombasa hupanga foleni kungoja kuvuka Uganda, wanajua kuwa kambare ni mali. Mkubwa huliwa mbichi na wa kukaushwa. Mdogo, aliye kama kidole, hununuliwa na wafugaji wa mabwawa, na pia na wavuvi wa Ziwa Viktoria, ambao humtia kwenye ndoana zao akiwa chambo cha mbuta, yule ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara.

Alupe ipo kwenye barabara iendayo Malaba kutoka Busia; wengi huijua kwa chuo kikuu chake, na wazee huikumbuka kwa hospitali ya wagonjwa wa ukoma. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo, kwa majimbo 140, na tangu hapo swali la wafugaji limekuwa moja: vifaranga vitatoka wapi? Kipo kituo cha serikali cha Wakhungu, katika kaunti hiyo hiyo ya Busia, lakini kituo kimoja hakikidhi haja ya wote. Basi kazi ya kutotolesha ikawa ni biashara inayoweza kufanywa hata nyumbani. Haitaki shamba, chumba chenye kivuli, mabeseni, mpira wa maji na subira vinatosha kuanzia. Kwa mama mwenye watoto wadogo, hiyo ni kazi isiyomtoa nje ya ua wake.

Hesabu yake huvutia. Jike la kilo moja aliyekomaa vizuri huweza kutoa gramu 100 za mayai, na kila gramu ina mayai kama 600 hadi 700. Mtu akizidisha, huona makumi ya maelfu ya vifaranga mbele ya macho yake. Kisha kesho yake hufunua beseni akakuta mayai yamekuwa meupe kama chenga za mchele, na vilivyo hai vinahesabika. Fedha za dawa, za dume na za usiku mzima zimekwenda, na aghalabu ni fedha za chama cha akina mama, si zake peke yake. Hapo lawama huanza. Huyu atasema maji ni mabaya, na yule atasema ni jicho la jirani. Jicho ni haki, hatulikanushi. Lakini kabla ya kumshuku jirani, na tulitazame yai lenyewe, maana lina habari ya kutueleza.

Jambo la kwanza kuuliza ni hili: mayai yaligeuka meupe saa ngapi? Katika maji ya nyuzi joto 25 hadi 27, yai la kambare huanguliwa baada ya siku moja hadi siku moja na nusu. Yai lisilorutubishwa huharibika mapema, katika nusu ya kwanza ya muda huo. Likiwa limerutubishwa, hubaki angavu, na karibu na mwisho utaona ndani yake mstari wa mwili na mkia unaotikisika. Kwa hiyo, chukua mayai 100 kwenye kisahani cheupe, uyahesabu baada ya saa kumi na mbili, kisha uyahesabu tena karibu na kuanguliwa. Ikiwa 70 yamekufa katika hesabu ya kwanza, kosa lilitendeka kabla ya mayai kufika kwenye beseni, na kubadilisha maji hakutakufaa kitu. Ikiwa 80 yalikuwa mazima asubuhi na jioni yamebaki 20, basi majike hawana lawama. Beseni ndilo lenye kesi. Wengi hawahesabu, wakatibu ugonjwa wasioujua.

Kosa la kabla ya beseni, kwa nyanda kama za Alupe, mara nyingi ni kosa la saa. Kambare hatagi mwenyewe katika tangi. Porini hungoja mafuriko ya mwanzo wa mvua. Mfugaji humdunga sindano ya homoni, au ya tezi iliyotolewa katika kichwa cha kambare mwingine, kisha hungoja mayai yaive ndipo ayakamue. Muda wa kungoja huamuliwa na joto la maji. Kwa nyuzi 30 ni kama saa saba. Kwa nyuzi 25 ni saa kumi na moja au kumi na mbili. Kwa nyuzi 20 huweza kufika saa ishirini. Sasa tazama: mama amefundishwa kuwa akidunga saa mbili usiku akamue alfajiri. Aliyemfundisha alikuwa na maji ya moto moto. Alupe iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita elfu moja, na usiku wake una baridi ambayo sisi wa Mombasa hatuijui. Maji ya beseni hushuka hadi nyuzi 22, na baada ya Swala ya Alfajiri mayai hayajaiva. Akilazimisha, hutoka kwa kushikana, pengine na damu, na hayo hayarutubiki. Akichelewa mno napo, huiva kupita kiasi. Kipimajoto cha bei ndogo, kikisomwa mara tatu usiku, hupunguza hasara kuliko dawa yoyote tuijuayo. Mayai yaliyoiva humiminika kwa mguso mwepesi wa tumbo, yakiwa mamoja mamoja.

La pili ni maji kuingia mapema. Mbegu za dume zikikutana na maji huamka na kuogelea, na uhai wake hauzidi dakika moja au mbili. Yai nalo, likilowa, hufunga upesi kitundu chake cha kupokelea. Kwa hiyo bakuli liwe kavu kabisa, mikono ikaushwe, na samaki apanguswe kwa kitambaa. Mbegu zichanganywe na mayai kwa unyoya safi wa kuku, na maji yaongezwe mwisho. Ikiwa dume ametangulia na jike hajawa tayari, mbegu zihifadhiwe katika maji safi yaliyotiwa chumvi gramu 9 kwa lita, zisiamke kabla ya wakati.

Dume wa kambare, tofauti na samaki wengi, hakamuliki; huuawa ili korodani zake zitolewe. Akina mama wengine huona vibaya. Samaki hahitaji kuchinjwa ili awe halali, lakini auawe upesi kwanza, asipasuliwe akiwa hai, na nyama yake iingie chunguni au sokoni, isitupwe.

Sasa beseni. Mayai ya kambare hunata. Yakirundikana, ya chini hukosa hewa. Yatandazwe safu moja juu ya kipande cha chandarua au mizizi ya gugumaji iliyooshwa, maji yapite polepole, na chumba kiwe na giza. Yai moja likifa, kuvu huota juu yake kama pamba na kuwafikia majirani walio hai, hivyo yaliyokufa yaondolewe mapema. Maji ya kisima kirefu hutoka yakiwa hayana hewa ya kutosha, na pengine yana chuma kinachoacha kutu juu ya mayai. Yaachwe kwanza yadondoke kutoka juu kwenda tangi jingine, yatulie usiku kucha. Ya bomba yenye dawa ya klorini nayo yalazwe.

Wapo wasomaji wetu wa mjini wanaofuga diskasi, wale samaki wa mapambo wa mto Amazon, walio duara kama sahani. Hesabu ya mayai meupe huwafaa nao, ila diskasi hutaka maji laini, yenye uchachu kidogo na joto la nyuzi 28 au zaidi, na wazazi wenyewe hulea mayai yao.

Limebaki jambo la fedha, na ndilo lililotusukuma kuandika. Wanunuzi wa vifaranga hutanguliza malipo, na beseni likifa, ugomvi huzaliwa. Wanazuoni wetu wamekataza kuuza samaki aliye bado majini asiyeweza kukabidhiwa, kwa kuwa ndani yake mna gharari. Lakini wameruhusu biashara ya salam: bei yote hulipwa papo hapo, na bidhaa hutajwa aina yake, ukubwa, idadi na siku ya kukabidhiwa. Sharti moja husahauliwa: salam haifungwi kwenye matunda ya shamba moja maalumu, kwani shamba laweza kukosa. Vivyo hivyo asiuze "vifaranga vya beseni hili". Aahidi kambare 1,000 wa urefu fulani kwa tarehe fulani, na beseni lake likikosa, anunue kwa mwenzake amkabidhi mteja, au wapatane kurudisha fedha ileile bila nyongeza. Anayeona hawezi deni hilo, angoje vifaranga vimalize kiini chao cha siku tatu, vianze kula, vifikie ukubwa wa kuuzwa na kuhesabika, ndipo amwite mnunuzi aje na ndoo.