TUANZE NA TAA MOJA: JINSI YA KUIPA BODI NDOGO MAAGIZO



Ndugu msomaji, hapa Madale nyumba nyingi huhifadhi maji kwenye simtanki. Pampu huwashwa, watu huendelea na shughuli zao, na mara maji yanamwagika uani. Maji hayo yamelipiwa, nasi tumefundishwa kuepuka israfu hata katika kutia udhu. Katika makala hii tutaeleza namna mwanafunzi anavyoweza kuanza safari ya kutengeneza kengele ya tangi kwa kutumia bodi ndogo ya elektroniki.

Bodi tutakayoieleza inaitwa Arduino Uno. Arduino ilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili hata wasiosomea uhandisi waweze kujifunza. Uno yenyewe ilitoka mwaka 2010. Inaenea kiganjani, haina kioo wala kibodi, na programu yake haizidi kilobaiti 32, yaani ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Kazi yake ni kufuata maagizo, moja baada ya jingine.

Wazo hili si geni kwa Waislamu. Al-Jazari, fundi aliyefanya kazi Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206. Humo alieleza jahazi la wanamuziki bandia: gogo lenye vigingi lilizunguka, na kila kigingi kilipogusa wenzo, ngoma ililia. Mpangilio wa vigingi ndio ulioamua ngoma ipigwe lini. Programu ni vigingi vya namna hiyo, ila vimeandikwa kwa maneno.

Kuanza kunahitaji vitu vitatu: bodi, waya wa USB, na kompyuta, hata kama ni ya zamani kidogo. Programu ya kuandikia maagizo hupatikana bure. Wanafunzi wanne au watano wanaweza kutumia bodi moja kwa zamu.

Bodi ina taa yake tayari, iliyounganishwa na pini namba 13. Tuanze na hiyo. Maagizo huwa na sehemu mbili. Ya kwanza, setup, hufanyika mara moja umeme unapoingia. Hapo tunaieleza bodi kwamba pini 13 ni ya kutoa umeme. Ya pili, loop, hurudiwa bila kikomo. Ndani yake tunaandika:

digitalWrite(13, HIGH);
delay(1000);
digitalWrite(13, LOW);
delay(1000);

Maana yake: washa taa, subiri milisekunde 1000, yaani sekunde moja, kisha zima, subiri tena. Sasa badilisha 1000 ziwe 200. Kabla ya kutuma, mwambie mwenzako kitakachotokea. Ukiweza kusema, umeelewa. Usipoweza, umenakili tu.

Angalia pia nukta mkato mwishoni mwa kila agizo. Mwanafunzi wa herufi anajua kuwa jimu ikiondolewa nukta inakuwa haa. Hapa nako, nukta mkato moja ikisahaulika, kompyuta hukataa programu yote.

Taa ikishakutii, hatua inayofuata ni swichi ya boya ndani ya tangi na kengele ndogo ya volti 5. Agizo linakuwa: ikiwa boya limepanda, piga kengele, kama sivyo, nyamaza. Mtu akisikia, anakwenda kuzima pampu.

Wazazi wetu, hapa pana jambo la kusimamia. Pini moja ya bodi inafaa kutoa milliampea 20 tu, na pampu hutumia umeme wa nyumbani wa volti 230, unaoweza kuua. Mwanafunzi asiunganishe bodi na pampu wala soketi ya ukutani. Kazi hiyo ni ya fundi umeme.

Hakuna aliyefika Juzuu Amma bila kupitia alifu. Taa moja ndiyo alifu ya kazi hii, na asiyeiharakia atafika kwenye tangi.

Wabillahi tawfiq.